Darasa la Saba Laenda Nairobi

Mwalimu akusudiaye kuwapeleka watoto mji mkuu huanza kwa orodha. Ndivyo ilivyokuwa katika skuli moja ya primari katika milima ya Taita, mwezi wa Agosti mwaka 1966. Mwalimu wa darasa la saba aliandika ubaoni mambo ya kutazamwa Nairobi, na kila mtoto akayanakili katika daftari lake: Stesheni ya Reli, Jumba la Makumbusho, nyoka walio karibu nalo, Maktaba ya McMillan, Bunge, na Mbuga ya Wanyama. Posta haikuwamo.

Wazazi walipoitwa skulini na kusomewa orodha ile, mzee mmoja alicheka hata machozi yakamtoka. Aliuliza kama ni kweli kwamba watoto watalipishwa fedha ili wakatazame wanyama wa mwitu, ilhali usiku wa kuamkia siku ile ile yeye na wanawe walikesha katika shamba lao la bondeni wakipiga madebe kuwafukuza ndovu. Alikuwa na haki ya kucheka. Tangu mbuga ya Tsavo ilipotengwa mwaka 1948, nchi ya Wataita imezungukwa na wanyama karibu pande zote, nao ndovu hawajui mpaka uliochorwa katika ramani. Mwalimu alimjibu kwa adabu kwamba katika mbuga ya Nairobi hamna ndovu hata mmoja. Mzee akasema, "Basi huo ndio mji wa kukaa watu."

Safari iligharimu shilingi 25 kwa kila mtoto, nauli na chakula pamoja. Darasa lilikuwa na watoto 31, na walioweza kulipa ni 19. Juu ya jambo hili yafaa kusema kweli: safari za namna hii hufundisha wanaokwenda, na hufundisha pia wanaobaki, ila somo lao ni jingine. Mwalimu alilijua hilo, akawaagiza wenye kwenda kwamba kila mmoja atarudi na habari za kumwambia mwenzake aliyebaki. Hakuwa na dawa nyingine.

Lililomshangaza ni kwamba wa kwanza kulipa alikuwa mama mmoja ambaye karo ya mwanawe ilizoea kuletwa shilingi mbili mbili. Alikuwa ameuza vikapu vyake vya katani vyote, hata kile cha kuchukulia unga. Alizihesabu shilingi 25 juu ya meza, akaaga, akaenda zake bila ya kuuliza watoto watalala wapi wala watakula nini. Mwalimu alidhani ni mapenzi ya elimu, akamsifu mbele ya mwenziwe.

Walishuka milimani kwa lori hata Voi, wakangoja garimoshi la kutoka Mombasa, ambalo lilipita pale usiku. Watoto wengi walikuwa hawajapanda garimoshi kamwe. Walikaa daraja la tatu, juu ya viti vya mbao, wamejifunga mablanketi, wala hapana aliyelala. Garimoshi lile la usiku lilidumu katika njia ile hata mwaka 2017, reli mpya ilipofunguliwa.

Walipokaribia mto wa Tsavo, mwalimu aliwasimulia habari za mwaka 1898, jinsi simba wawili walivyowala wajenzi wa reli hata kazi ya daraja ikasimama, na jinsi msimamizi wa ujenzi, Bwana Patterson, alivyowapiga risasi wote wawili katika mwezi wa Desemba mwaka ule. Watoto wakabanana madirishani. Hawakuona kitu ila giza na cheche za moto wa garimoshi, lakini baadaye kila mmoja aliapa kwamba aliona macho.

Mtoto wa yule mama hakuenda dirishani. Wenzake walipochoka na kurudi mahali pao, alimsogelea mwalimu, akatoa katika daftari bahasha kuukuu iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa ya barua ya mwisho ya baba yake, ya mwaka 1964. Nyuma ya bahasha baba alikuwa ameandika jina lake, na jina la karakana ya motokaa alimofanya kazi, na nambari ya sanduku la posta, na neno Nairobi. "Mwalimu," akasema, "Mama amesema tukifika, unionyeshe mahali hapa."

Ndipo mwalimu alipofahamu vikapu vile viliuzwa kwa sababu gani.

Baba yule alikuwa ameondoka Taita mwaka 1962. Kwa miaka miwili alileta hawala ya posta kila mwezi, mara shilingi 40, mara 30, na barua fupi. Kisha hawala zikakoma, na barua pia. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Mwandishi wake alikuwa ni mtoto huyu. Kwanza kila mwisho wa mwezi, kisha kila msimu, alimwambia, "Lete kalamu," naye akaandika salamu, na hali ya mahindi, na deni la karo. Hapakuja jibu.

Asubuhi walifika Nairobi kwa baridi, na mwalimu akawapanga wawili wawili chini ya saa ya stesheni. Pale aliwaambia kwamba mji wote huu ulizaliwa na reli: wajenzi walipofika mahali hapa mwaka 1899 walikuta uwanda wenye maji, kabla ya kupanda milima ya Kikuyu, wakaweka bohari zao, na jina lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yaliyo na maana ya maji baridi. Watoto, ambao meno yao yalikuwa yakigongana, waliliandika hilo bila ya kusita.

Makumbusho walikaa karibu asubuhi nzima. Mtoto mmoja alimwuliza mlinzi wako wapi simba wa Tsavo, maana alitaka kuona kama ni wakubwa kama walivyosimuliwa. Mlinzi akamwambia hawako. Ngozi zao zilikuwa katika jumba la makumbusho la Chicago, nchi ya Marekani, tangu miaka ya 1920. Huko ndiko walikojazwa na kusimamishwa, na huko wako hata leo. Watoto walinyamaza. Walikuwa wamezoea kwamba simba wale ni wa kwao, hata kama waliwala watu.

Simba waliowaona karibu ni wale wawili wa jiwe walinzi wa mlango wa Maktaba ya McMillan. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Msichana mmoja alimgusa simba kichwani, kisha akauliza kama wao wanaweza kuingia. Waliingia. Walitembea kwa ncha za vidole kati ya vitabu, wakatoka bila ya kusema neno, kana kwamba wametoka kanisani. Bunge lilikuwa na viti vizuri, na askari mpole aliwaeleza nani hukaa wapi. Lakini wakati ule mazungumzo ya Bunge yalikuwa ya Kiingereza tu, maana Kiswahili hakikuruhusiwa mle hata mwaka 1974, basi kama wangaliwakuta wajumbe wakisema, wengi wao hawangaliambua kitu.

Na kila walipovuka barabara, mtoto yule aliuliza, "Mwalimu, Posta iko wapi?"

Siku ya pili, baada ya kuizunguka mbuga na kumwona simba mmoja amelala chini ya mti wa miiba, hana habari na mtu, mwalimu aliwaacha watoto katika bustani ya Jeevanjee pamoja na mwalimu wa kike aliyefuatana nao. Wakapewa mkate. Garimoshi la kurudi lilikuwa la jioni. Mwalimu akamshika mtoto mkono, wakaenda Posta Kuu.

Pana jambo ambalo watu wa mashamba hawalifikiri, na pengine hata mwalimu hakulifikiri kabla ya siku ile. Alikuwa akiwafundisha watoto kuandika anwani juu ya barua, pembeni upande wa kulia, kwa mstari ulionyoka. Wala hakuwahi kuwaambia kwamba katika nchi hii anwani si mahali. Barua ya Kenya haiendi nyumbani kwa mtu. Yaenda katika tundu lililo ukutani, na mwenye ufunguo ndiye ajaye kuichukua.

Mtoto aliona ukuta mzima wa vilango vidogo vya chuma, kila kimoja na nambari yake. Akashika bahasha, akawa anatafuta kwa kidole, safu hata safu, mpaka akakipata. Akakitazama. Kilikuwa kadiri ya upana wa daftari. Kwa miaka minne, kila mama aliposema "kwa baba yako Nairobi," yeye alikuwa akiona moyoni nyumba, na mlango, na kiti nje ya mlango. Akamtazama mwalimu, akasema kwa sauti ndogo, "Ni hapa tu?"

Mwalimu akasema ni hapa.

Wakangoja. Mwalimu alikuwa ameona kwamba matarishi wa maofisi na maduka walikuwa wakiingia na kutoka wakiwa na mafurushi ya funguo, akadhani huenda mwenye ufunguo wa kilango kile atakuja. Saa nane ikapita. Kama saa tisa hivi akaja mzee mmoja, mwenye kofia na baisikeli, akafungua kilango kile kile, akatoa barua zake. Mwalimu akamsalimu, akamwonyesha bahasha.

Mzee aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho. Kisha akamtazama mtoto, akauliza, "Huyu ndiye mwanawe?"

Alisema kwamba fundi huyo anamjua. Aliacha kazi katika karakana mwaka 1964, akafuatana na lori za kwenda Kampala. Wengine walisema yuko Jinja, na habari zaidi hapana. "Lakini barua zake huja," mzee akasema. "Bwana mkubwa huniambia nizitupe. Barua haitupwi, Mwalimu, ni mali ya mtu. Ningojeni hapa." Akapanda baisikeli yake.

Alirudi baada ya nusu saa, akampa mtoto barua nne zilizofungwa kwa uzi. Zilikuwa hazijafunguliwa. Mtoto hakuhitaji kusoma kilichoandikwa juu. Ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa penseli, herufi kubwa za kulalia upande, za mtoto wa darasa la tano. Ya mwisho kwa wino, imenyooka kama mwalimu alivyomfundisha. Alizipanga mkononi kwa taratibu ya kuandikwa kwake, akamwambia mzee, "Asante, Babu."

Mzee akasema, "Msalimu mama." Akaenda zake, maana alikuwa bado na kazi.

Mwalimu alijaribu kunena neno njiani, kisha akaacha, na kwa kuacha alifanya vema. Walipofika bustanini walikuta watoto wamekwisha mkate wote, na wenzake walikuwa wamemwekea mtoto yule kipande kimoja. Akala.

Usiku alipofika nyumbani alimpa mama yake zile barua. Mama hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu, naye aliuijua uzi wa penseli wa mwanawe.

"Zimefunguliwa?"

"Hapana, Mama."

Akaziweka katika debe dogo alimowekea risiti za karo, akafunika, akamwuliza kama ana njaa.

Wiki ile ile mwalimu aliwapa insha: Safari ya Nairobi. Wengi waliandika juu ya nyoka. Mtoto yule aliandika juu ya Posta, jinsi barua inavyotoka Wundanyi kwa motokaa, ikapanda garimoshi Voi, ikapangwa kwa nambari, ikatiwa katika tundu lake, na jinsi tarishi anavyokuja na ufunguo. Hakuandika neno juu ya baba. Mwalimu alisahihisha makosa mawili ya herufi, akampa alama 18 katika 20, na hakuna aliyepata zaidi. Desturi ilikuwa insha bora isomwe mbele ya darasa. Lakini safari hii mwalimu alisoma ya msichana aliyemgusa simba wa jiwe, na wale 12 waliobaki nyumbani wakasikiliza.

Septemba ikaisha, na Oktoba, na mama hakuagiza kalamu. Mwezi wa Novemba, mtihani ulipokwisha fanywa, jioni moja alikaa karibu na taa, akasema, "Lete kalamu."

Mtoto akauliza, "Tumwandikie nani?"

Mama akamtaja ndugu yake, mfanya kazi wa bandari ya Mombasa, akamwambia aanze kwa salamu, kisha habari za mahindi, kisha aulize kama mjomba ataweza kusaidia karo ya kidato cha kwanza. Mtoto akaandika anwani yao pembeni, kwa mstari ulionyoka. Alipofika kwenye bahasha alisita, akainua kichwa, akauliza kama mjomba ana sanduku lake mwenyewe.