Mnemba na Masikio ya Mzamiaji

Kisiwa cha Mnemba kipo kaskazini-mashariki ya Unguja, karibu na kijiji cha Matemwe. Chenyewe ni kidogo sana. Kinachowavuta wageni ni matumbawe yanayokizunguka. Bahari inapokuwa shwari, mashua hutoka Nungwi na Matemwe zikiwa na mitungi ya hewa, na miongoni mwa abiria hawakosi watu wa bara ambao maji ya chumvi ni mageni kwao.

Msomaji wa nchi kavu huenda akadhani kwamba shida ya mzamiaji ni pumzi. La, pumzi anayo mgongoni. Shida ya kwanza ni masikio. Nyuma ya kiwambo cha sikio mna chumba kidogo chenye hewa, na njia yake ni mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Katika kina cha meta 10 mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu, na hewa iliyofungiwa hubanwa hata ikabaki nusu. Kutoka meta 10 hadi 20 hupungua toka nusu hadi theluthi tu. Kwa hiyo penye taabu zaidi ni pale karibu na jua, ambapo mgeni hujidhania yu salama.

Mzamiaji hubana pua, hufunga mdomo, kisha hupuliza taratibu mpaka asikie mlio mdogo masikioni. Njia hiyo ina jina la Antonio Valsalva, tabibu wa Italia aliyeieleza mwaka 1704. Ipo nyingine, laini zaidi, ya Mjerumani Hermann Frenzel, aliyewafundisha marubani wa kivita katika Vita Kuu ya Pili: koo hufungwa, na ulimi husukumwa nyuma kama wa mtu aanzaye kutamka herufi K.

Haya hufanywa kabla ya maumivu, tena mara kwa mara, mtu akishuka miguu ikitangulia na mkono ukishika kamba. Akiumwa, hupanda kidogo ndipo ajaribu tena. Kupuliza kwa nguvu huweza kumwachia uziwi wa maisha. Na kiwambo kikipasuka, maji baridi huingia ndani, kizunguzungu kikamshika asijue juu wala chini.

Siku niliyokuwako, askari mmoja kijana aliyekuja likizo na wenzake watatu alikuwa na mafua. Mwalimu wao, mtu mzima wa Nungwi, alimsikia akivuta kamasi.

“Mwanangu, leo kaa chomboni.”

“Nimekwisha kunywa dawa, mzee.”

“Dawa huisha nguvu ungali chini. Hewa ikikwama sikioni wakati wa kupanda, utakwenda wapi?”

Kijana alinuna, akavua mapezi. Wenzake waliporudi wakisimulia habari za kasa, aliwapokea mitungi mmoja mmoja, akauliza kasa huyo alikuwa mkubwa kiasi gani.