Ua wa Manyara

Ukisafiri mwezi wa Oktoba kutoka Katesh kwenda Haydom kwa njia ya Basotu, utaona nchi iliyokauka. Nyuma yako umeuacha Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417. Mbele yako ni vumbi. Mashamba yamekwisha kuvunwa, na ng'ombe wanatafuta mabua. Lakini tazama nyumba zilizo kando ya njia. Hapa na pale utaona boma lenye ua wa kijani. Huo ni mmea wa manyara. Wengine huuita mnyaa.

Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2002, ukapewa jina la Ziwa Manyara. Inasemekana kwamba ziwa nalo lilipata jina kwa mmea huu. Wamaasai huuita emanyara, nao huupanda kuzunguka maboma yao.

Kwa nini haukauki? Majani yake ni madogo sana, na hupukutika mapema. Kazi ya majani hufanywa na matawi yenyewe, yaliyo ya kijani na mviringo kama penseli. Kwa hiyo maji hayapotei ovyo. Watu wengi husema mmea huu hautoi maua. Hutoa, ila ni madogo, ya manjano, kwenye ncha za matawi. Sogea uyatazame, lakini usiyachume.

Mimi ni bwana shamba. Nimeona watu wakikata miti ya miiba kila mwaka ili kuzungushia bustani. Mchwa huila, na mwaka wa pili hukata tena. Ua wa manyara hupandwa mara moja tu, na mbuzi hawauli.

Kata matawi yenye urefu wa mkono, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Yaweke kivulini kwa siku chache mpaka pale palipokatwa pakauke. Ukiyapanda yakiwa mabichi yataoza. Halafu chimba mfereji, uyapande kina cha shibiri moja, kwa nafasi ya futi moja moja. Usimwagilie kila siku.

Sasa nitakuambia kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha mama mmoja wa Wilaya ya Mbulu kupanda ua huu kuzunguka bustani yake ya mboga. Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa juu. Jambo moja sikulisema. Niliona kila mtu analijua.

Mtoto wake alivunja tawi akicheza. Utomvu mweupe ukamrukia jichoni. Alilia usiku kucha, na asubuhi hakuweza kufungua jicho. Nilipofika, mama yule aliniuliza, "Bwana shamba, mbona hukutuambia?" Sikuwa na jibu.

Mtoto alitibiwa, na baada ya siku chache aliona tena. Wengine hawana bahati hiyo. Utomvu wa manyara ni sumu. Huchoma ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kuharibu macho. Ukiukata ua, vaa nguo ya mikono mirefu, funika macho, na simama upande upepo unakotoka. Ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla hujajigusa uso. Matawi uliyokata yafukie shimoni. Usiyatupe mtoni wala bwawani, kwa maana huua samaki.

Utomvu ukiingia jichoni, usitie dawa ya majani wala maziwa. Mimina maji safi, mengi, kwa muda wa robo saa au zaidi. Usisugue jicho. Kisha nenda zahanati siku ile ile, hata kama maumivu bado ni kidogo, kwa sababu huzidi baadaye.

Mama yule hakuung'oa ua wake. Aling'oa sehemu ya karibu na mlango tu, pale watoto wanapochezea, akaweka miti mikavu. Sehemu nyingine ameiacha, na huikata mwenyewe isizidi kifua. Nilipopita mara ya mwisho ilikuwa kiangazi. Sukuma wiki yake ilikuwa nzima, na mbuzi wa jirani walikuwa nje ya ua, wakichungulia.