Karata Kumi na Nane: Mchezo Unamtuza Nani?

Walimu tarajali huniuliza mara kwa mara namna ya kuchagua mchezo wa kufundishia. Huwajibu kwa kuwaeleza mchezo mdogo wa ziada uliomo ndani ya mchezo wa video uitwao Super Mario Bros. 3, uliotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwaka 1988. Yamkini baadhi yenu mtashangaa kuona jambo hilo likitajwa katika kurasa za mbinu za kufundishia. Hata hivyo, mwalimu hana budi kujifunza popote, na mchezo huu una mambo ya kuigwa na jambo moja la kujihadhari nalo.

Mchezo mkubwa wenyewe ni wa kukimbia na kuruka. Fundi bomba Mario huvuka mashimo, huwakanyaga maadui na kuokota sarafu. Katikati ya safari yake mchezaji hukuta michezo midogo ya tuzo, ambayo miwili yafaa tuitazame. Wa kwanza umo katika nyumba zenye alama ya shupaza. Humo picha iliyokatwa vipande vitatu, cha juu, cha kati na cha chini, hupita mbio, naye mchezaji husimamisha kipande kimoja kimoja. Vikipatana, huongezewa uhai: 2 kwa uyoga, 3 kwa ua, na 5 kwa nyota.

Wa pili hutokea kwenye ramani kila mchezaji anapotimiza pointi 80,000. Alama yake ni shupaza yenye herufi N. Karata 18 hupangwa zikiwa zimefudikizwa, safu tatu za karata sita sita. Mchezaji hufunua mbili. Zikifanana, tuzo iliyochorwa ni yake, naye huendelea. Zisipofanana, hufudikizwa tena. Akikosea mara 2 mchezo hukoma. Si ajabu kampuni hiyo kupenda karata, kwani Fusajiro Yamauchi aliianzisha mjini Kyoto mwaka 1889 kwa kazi ya kutengeneza karata za hanafuda, ambazo huwa 48, nne kwa kila mwezi wa mwaka.

Tuangalie sasa mafunzo yaliyomo.

Kwanza, kosa katika mchezo wa karata lina faida. Mchezaji aliyekosea amekwisha kuona karata mbili, na akiwa makini atazikumbuka. Tena jozi alizokwisha kuzipata hubaki wazi mchezo utakapotokea tena. Kosa humtoa katika zamu, lakini halimnyang'anyi alichojifunza. Linganisheni na mwalimu amwambiaye mtoto, "Hapana, kaa chini," kisha akamwita mwingine. Mtoto yule ameambiwa kwamba amekosea, ila hakuonyeshwa chochote.

Pili, kila mchezo humtuza mtu wa aina fulani. Ule wa vipande vya picha humtuza mwenye jicho na kidole chepesi. Ule wa karata humtuza mwenye kumbukumbu. Mwalimu akiandaa shindano la kuzidisha ambalo mshindi ni yule atakayefika ubaoni mapema, ajue kwamba amefundisha mbio.

Tatu ni tahadhari, nayo ndiyo kubwa. Karata zile zina mipangilio 8 tu. Utotoni tuliucheza mchezo huu nyumbani kwa zamu, na kaka yangu alilitambua jambo hilo. Aliichora mipangilio katika daftari lake la hesabu, mraba kwa mraba. Akiisha kufunua karata chache tu hutambua ni mpangilio upi, kisha huzimaliza zote. Kwa hakika alitumia akili: alitazama, akaandika, akalinganisha. Lakini mdogo wetu alipolichukua daftari hilo alishinda vilevile, wala hakuwa na haja ya kukumbuka karata hata moja. Tuzo zao zilikuwa sawasawa. Mchezo haukuweza kuwatenga aliyegundua na aliyenakili.

Ndugu zangu, hayo hutokea katika madarasa yetu kila jaribio linaporudia maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Wanafunzi watapata alama nzuri, nasi tutafurahi, hali baadhi yao wanajua tu kwamba jibu la swali la nne ni 42. Swali likihamishwa, wanapotea. Anayeumia ni mtoto, kwa maana mwalimu wa darasa la juu atamkuta na alama nzuri bila ujuzi.

Mkienda katika mazoezi ya kufundisha, jaribuni mchezo huu kwa vipande 18 vya boksi. Boksi liwe zito ili maandishi yasionekane upande wa pili. Andikeni jozi tisa, kipande kimoja "6 × 7" na mwenzake "42". Gaweni darasa katika vikundi vya watoto wanne au watano, kila kikundi na seti yake. Mtoto asomapo kipande alichofunua asome kwa sauti, ili hata akikosea wenzake wapate kusikia. Msiwatoe wanaokosea mara 2, maana wanaohitaji zoezi zaidi ndio watakaokaa bure. Baada ya kila mzunguko vichanganyeni vipande, na kila juma badilisheni jozi kadhaa.

Zaidi ya hayo, katika maandalio ya somo, kabla ya kuutaja mchezo wowote, andikeni sentensi moja inayosema mwanafunzi hana budi kujua nini ili ashinde. Kisha jiulizeni iwapo mtoto asiyelijua jambo hilo aweza kushinda. Ikiwa aweza, rekebisheni mchezo kabla ya kuingia darasani.