Ukibadilisha kihisi cha mashine ya kutotolesha, badilisha na programu yake



Mashine nyingi za kutotolesha vifaranga ninazozikuta vijijini zimeundwa na mafundi wetu wenyewe. Ni sanduku la mbao, balbu au hita, feni, kihisi cha joto, na bodi ndogo ya kompyuta, mara nyingi Arduino Uno. Bodi hiyo ndiyo inayoamua moto uwake lini na uzime lini. Balbu ikiungua tunajua kununua nyingine. Lakini programu iliyomo ndani ya bodi hatuioni kwa macho, basi tunaishi nayo kama vile haipo. Mimi naihesabu kuwa kipuri kama vipuri vingine, na nitakueleza kwa nini.

Katika kata ninayofanyia kazi kuna kikundi cha akina mama wenye mashine ya namna hiyo. Kihisi chao kilikuwa DHT11, kile kidogo cha bluu. Kihisi hicho kinaweza kukosea hadi nyuzi 2 juu au chini. Wewe unajua yai la kuku kwenye mashine yenye feni linataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, kwa hiyo kosa la nyuzi 2 ni vifaranga kufa ndani ya maganda. Wakashauriwa wanunue DHT22, kile cheupe, ambacho kosa lake ni kama nusu nyuzi. Ushauri ulikuwa mzuri. Miguu ya vihisi hivyo viwili imepangwa sawa, kwa hiyo walichomoa cha bluu, wakachomeka cheupe, na kioo kikawaka.

Trei za mayai zilikuwa tayari zimepangwa sebuleni, tatu kati yake za mfanyabiashara wa kijiji jirani aliyekwisha kulipa. Wenzake wakataka waanze jioni ileile. Katibu akakataa. Alisema mashine ilale tupu usiku mmoja, na ndani akaweka kipimajoto cha kioo. Saa tatu usiku akanipigia: “Bwana mifugo, kioo kinasema nyuzi moja, lakini mkono wangu unaungua.” Kipimajoto kilikuwa kimepita 41 na balbu bado zinawaka. Nikamwambia achomoe umeme mara moja.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Kihisi kilikuwa kizima, bodi nzima, waya sahihi. Tatizo ni kwamba kihisi kipya na programu ya zamani hawakuelewana lugha. DHT11 hutuma joto kama namba nzima, mfano 37. DHT22 huhesabu kwa sehemu za kumi, kwa hiyo nyuzi 37.5 huituma kama 375, tena ikiwa vipande viwili: cha kwanza ni idadi ya mafungu ya 256, cha pili ni mabaki. Katika 375 kuna fungu 1 na mabaki 119. Programu ya zamani huchukua kipande cha kwanza ikidhani ndilo joto lenyewe, inaona 1. Hata ndani pakifika nyuzi 50, hiyo ni 500, bado ni fungu 1. Mashine inaamini kuna baridi kali na haitazima moto kamwe. Mayai yangechemka huku kioo kikisema nyuzi moja.

Fundi alipokuja na kompyuta, alibadilisha neno moja kwenye programu, DHT11 likawa DHT22, akaiingiza upya kwa waya wa USB. Ilichukua dakika chache. Ikiwa nawe unataka kufanya hivyo, au fundi anakuja kwako, simamia mambo haya:

1. Usiguse programu wakati mayai yamo ndani. Subiri kundi litoke.

2. Chomoa umeme wa hita na balbu. Bodi yenyewe inapata umeme wa kutosha kutoka kwenye waya wa USB.

3. Hifadhi kwanza faili la programu ya zamani. Ukiingiza mpya, ya zamani inafutika kwenye chipu. Na hata ukiweza kutoa kilichomo ndani ya chipu, ni lugha ya mashine tu, si maandishi aliyoyaandika fundi.

4. Kama kompyuta haiioni bodi, jaribu waya mwingine kwanza. Nyaya nyingi za simu ni za kuchaji tu, hazipitishi taarifa. Kisha hakikisha umechagua aina sahihi ya bodi.

5. Ukimaliza, iwashe mashine tupu kwa saa 24, na kipimajoto kingine kikiwa ndani. Vipimo viwili vikikaribiana, endelea. Visipokaribiana, usiweke hata yai moja.

6. Chomoa waya wa kihisi makusudi, ukiwa umesimama hapo. Programu nzuri huzima moto inapokosa kipimo, au inapoona kipimo kisichowezekana, kama nyuzi 1 ndani ya nyumba yenye joto. Kama moto unaendelea kuwaka, mwambie fundi aongeze ulinzi huo kabla hajaondoka.

7. Andika kwa kalamu ubavuni mwa sanduku: tarehe, aina ya kihisi, na kilichobadilishwa.

Sasa neno kwa anayetaka kununua. Wengi huuliza mashine inabeba mayai mangapi na dhamana ni ya miezi mingapi. Ongeza swali la tatu: “Faili la programu utanipa?” Fundi anaweza kuhama, kubadilisha namba ya simu, au kuacha kazi hiyo kabisa. Ukiwa na faili kwenye flashi, fundi yeyote anayeijua Arduino anaweza kuendelea alipoishia mwenzake. Bila faili, kubadilisha kihisi cha bei ndogo kunaweza kukulazimu kuandikiwa programu yote upya. Akikataa kukupa, ujue unanunua sanduku ambalo ufunguo wake amebaki nao, na bei iendane na hilo.

Nawe mfanyabiashara unayepeleka mayai yako kutotoleshwa kwa mwingine, una haki ya kuuliza: mashine imebadilishwa nini tangu kundi lililopita, na ililala tupu usiku mangapi? Yule mfanyabiashara wa trei tatu alinung’unika kuwa amecheleweshwa siku mbili. Siku ya 21 alikuja na maboksi, akahesabu vifaranga vyake, akaacha trei nyingine tano.

Kazi njema.