Neno "Ndugu" katika Kupatana kwa Esau na Yakobo

Katika sura ya 33 ya Kitabu cha Mwanzo mna neno moja ambalo hunisumbua kila niisomeshapo sura hiyo. Yakobo, aliyemnyang'anya Esau mbaraka kwa hila, anarejea baada ya miaka 20 ugenini kwa Labani, naye kaka yake anamjia na watu 400. Yakobo ametanguliza wanyama makundi kwa makundi: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia wanyonyeshao 30 pamoja na watoto wao, ng'ombe 50, punda 30. Anasujudu mara 7. Esau anamkimbilia, anamkumbatia, wanalia. Kisha anaikataa zawadi kwa kuwa anavyo vingi, na hapo anamwita Yakobo "ahi", ndugu yangu.

Yakobo hajibu kwa neno hilo. Katika sala yake ya hofu alikuwa amemtaja Esau kuwa ndugu. Ana kwa ana anamwita "adoni", bwana wangu, hadi mwisho. Anachobadilisha ni jina la zawadi. Iliyokuwa "minha" sasa anaiita "berakha", mbaraka, jambo lile lile alilolililia Esau katika sura ya 27. Nadhani hapa ndipo deni linapolipwa, bila ya neno la kuomba radhi.

Wanakili wa matini ya Kimasora waliweka nukta juu ya neno "akambusu", na walimu wa Kiyahudi wa kale wakabishana juu yake. Mmoja alisema Esau alibusu kwa moyo wote. Mwingine, kwamba alitaka kuuma, maana vitenzi hivyo viwili hukaribiana kwa sauti katika Kiebrania. Nionavyo, shaka ingemfaa zaidi Yakobo. Esau anapotaka wasafiri pamoja, Yakobo anasingizia udhaifu wa watoto na mifugo, anaahidi kumfuata hadi Seiri, kisha anashika njia ya Sukothi.

Wanafunzi wangu humhukumu upesi. Methali wanayo: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Lakini methali hiyo yawaonya majirani tu. Haisemi ndugu wenyewe wataishije baada ya mavuno. Katika ukoo wetu walikuwako wazee wawili walioamkuana kwa heshima kila matanga, wala hawakula tena sahani moja, na hapakuwa na aliyethubutu kusema kwamba hawakupatana. Hofu ya miaka 20 haifutwi na kumbatio moja, na msimulizi wa Mwanzo, ambaye hamkemei Yakobo hata kidogo, yaelekea alilijua hilo.

Twawaona pamoja tena katika sura ya 35, wakimzika Isaka baba yao. Sura ya 36 yasema nchi haikuweza kuwatosha kwa wingi wa mifugo yao, naye Esau akahama, akaenda mbali na Yakobo "ndugu yake". Safari hii neno hilo ni la msimulizi.