Wasioandikwa kwenye Karatasi ya Mahudhurio

Karatasi ya mahudhurio ina safu chache tu: namba, jina, idara, simu, saini. Juu huandikwa tarehe na mada ya siku, na chini kabisa pana mstari wa mkufunzi. Kwa misimu mingi nimeishika karatasi hiyo katika kiwanda cha kuchambua pamba huku Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, nikiipitisha mkono kwa mkono kwenye mabenchi ya bwalo la chakula, na kila nilipoikusanya nilihisi utulivu fulani, kama mtu aliyemaliza kulipa deni. Safu zimejaa, watu wamekuja. Imenichukua muda mrefu kuanza kuushuku utulivu huo, na hata leo sina hakika kama nimeushuku vya kutosha.

Siidharau karatasi yenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo kuhusu hatari za kazi yao, na mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali unaoisimamia sheria hiyo, akifika getini hawezi kuyaona mafunzo yaliyofanyika mwezi uliopita. Anachoweza kukiona ni maandishi. Bila maandishi, mwajiri mzembe angedai amefundisha wakati hajafundisha, na mfanyakazi asingekuwa na pa kushika. Nimeyafikiria haya mara nyingi, hasa siku ninapochoka na makaratasi, na kila mara narudi palepale: daftari ni la lazima. Kinachonisumbua ni kazi nyingine ambayo daftari limepewa taratibu, bila mtu yeyote kuitangaza.

Mashine ya kuchambua pamba yenye misumeno ina tabia moja ambayo asiyeizoea haitegemei. Pamba ikiziba, unazima umeme. Lakini misumeno haisimami. Inaendelea kuzunguka kwa nguvu ya mwendo wake, mlio ukishuka pole pole, na mtu aliyezoea kelele za kiwanda husikia kimya kabla kimya hakijafika. Hapo ndipo mkono unapoingizwa. Kwa hiyo anachohitaji kujifunza mfanyakazi wa mashine ile, kabla ya mengine yote, ni kusubiri, na kusubiri ni somo gumu kulitoa kwa mdomo, kwenye bwalo, kwa watu walioketi.

Msimu mmoja kijana wa zamu ya usiku aliumia vidole kwa namna hiyo. Alikuwa bado yuko njiani kwenda hospitali nilipoitwa ofisini na kuombwa karatasi ya mafunzo ya mwezi ule. Niliipeleka. Macho yalishuka kwenye orodha, yakakuta jina lake na saini yake, na nikaona nyuso zikitulia. Alifundishwa. Hakuna aliyeuliza alifundishwa nini, saa ngapi ya siku, kwa Kiswahili cha kitabuni au kwa Kisukuma anachokielewa zaidi, na kama aliwahi hata mara moja kusimama mbele ya mashine iliyozimwa akahesabu muda inaochukua kutulia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, haumdai majeruhi athibitishe kwamba mwajiri wake alizembea, kwa hiyo saini ile haikumzuia kudai fidia. Ilimnyima kitu kingine, ambacho sijui kama kina jina kisheria: ilimnyima kuulizwa.

Tangu siku hiyo nilianza kuitazama karatasi kwa jicho jingine, si kwa hasira, bali kwa mashaka ya mtu aliyeona kitu anachokijua kikitumika kinyume na alivyodhani. Ilikuwa imeacha kuwa kumbukumbu ya kile kiwanda kilichompa mfanyakazi, ikawa kinga ya kiwanda dhidi yake.

Kuhusu watu kusainiana, nimesikia wakufunzi wengi wakilalamika, na malalamiko yao yana msingi. Mahali ambapo mafunzo yana nauli au posho, saini ni hela, na rafiki humsainia rafiki. Lakini kiwandani kwetu posho haikuwepo, na bado saini zilifanana mwandiko. Nilipoacha kuwinda nani kamsainia nani na kuanza kuuliza kwa upole, mama mmoja wa idara ya kuchagua pamba aliniambia kwamba mafunzo yanaanza zamu inapoisha, naye ana mtoto kwa jirani, na jirani huyo anatoka kwenda gengeni saa kumi na moja. Alimwomba mwenzake amsainie kwa sababu aliogopa kuonekana mkaidi. Alitaka kuja. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi, na tangu mwaka 2022 umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Nilikuwa nikiyasoma maneno hayo nikifikiria glavu na barakoa. Mama yule alinifanya nifikirie saa. Saa moja isiyolipwa, inayotolewa kwa mtu aliyekwisha kuchoka, nayo ni gharama, na anayeilipa ni yeye.

Ikaja mashine ya alama za vidole, ili kumaliza suala la kusainiana. Sikuwa na neno dhidi yake. Kisha nikawaona wazee wa marobota, wanaoshika waya za kufungia mizigo mchana kutwa, wakisimama mlangoni na kusugua kidole kwenye suruali, wakijaribu tena, wakisugua tena, kwa sababu ngozi ya vidole vyao imelika na mashine haiwatambui. Walikuwa wamefika kabla ya wengine wote, na kumbukumbu ilisema hawakufika. Wala hakuna aliyekuwa amewaeleza alama zile zinahifadhiwa wapi, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za namna hiyo katika kundi la taarifa nyeti. Tukarudi kwenye kalamu kwa wale walioshindikana.

Miongoni mwa wazee hao yupo mmoja ambaye jina lake lilinikera kwa muda mrefu. Baadhi ya mafunzo tuliyaweka Jumatatu alasiri, na Jumatatu alasiri yeye alikuwa hayupo, au alikuja akaondoka katikati. Wasimamizi wana maelezo yao ya haraka kuhusu watu wanaokosekana Jumatatu, na maelezo hayo huwa ni pombe. Niliyachukua kama yalivyo, kwa kuwa hayakunidai chochote. Siku niliyomkuta ameketi nje, ameegemea ukuta wa ghala, nilimsalimu nikamuuliza kama anaumwa. Akaniambia, "Jumatatu kifua kinabana, mwanangu. Ikifika Jumatano kinafunguka."

Sentensi hiyo inajulikana sana kwa madaktari wa maradhi ya kazini. Vumbi la pamba, likivutwa kwa miaka, huleta ugonjwa wa mapafu ambao mwanzoni hujitambulisha hivyo hasa: kifua hubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha hulegea siku zinavyokwenda, mpaka mapumziko mengine yaje na mzunguko uanze upya. Ukiachwa, unaweza kufika mahali ambapo hakuna tena siku ya nafuu. Mimi si daktari na sikumpa jina la ugonjwa. Nilichofanya ni kumwomba muuguzi wa kiwanda ampeleke kupimwa. Lakini nilirudi ofisini nikatandaza karatasi za misimu iliyopita, nikatazama nafasi tupu zilipo. Nafasi zile zilikuwa mbele yangu muda wote. Nilikuwa nikizihesabu ili nijue asilimia ya waliohudhuria, na baada ya kupata asilimia sikuzitazama tena. Sasa ziliniambia kwamba nafasi nyingi ziko Jumatatu, nyingi ziko upande wa wanaokaa karibu na vumbi, nyingi ziko upande wa wanawake wenye watoto wadogo, nyingi ziko zamu ya usiku. Sidai kwamba kila nafasi ina kifua kinachobana nyuma yake. Wengine walikuwa wamechoka tu, na pengine mmoja au wawili walikuwa wamelewa. Ninachosema ni kwamba sikuwa nimeuliza.

Na bado nilikuwa nahesabu wale walio na mstari. Vibarua hawakuwa na mstari. Wanaletwa asubuhi na wakala, wanalipwa kwa siku, wanabeba mbegu, wanafagia nyuzi chini ya mashine, wanapanga marobota ghalani. Kwa kuwa ajira yao haiko kwetu kwenye vitabu, majina yao hayakuwahi kuchapwa kwenye orodha, na kwa kuwa hayakuchapwa, hawakuweza hata kukosekana. Hili ndilo linalonitesa zaidi kulifikiri. Jiwe dogo au kipande cha chuma kikipita mashineni pamoja na pamba, kinaweza kupiga cheche. Cheche ikafungiwa ndani ya robota, ikafukuta siku kadhaa bila moshi kuonekana. Wa kwanza kuisikia harufu hiyo, au kulihisi joto hilo mgongoni, ni kibarua wa ghala. Tulimfundisha karani namna ya kutumia mtungi wa kuzimia moto, tukamwacha yule ambaye pua yake ingeweza kuokoa ghala zima na watu waliomo.

Mafunzo yanaweza kupimwa kwa kitu kingine zaidi ya saini. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadili malaria, kuhara na maji safi. Ukimuuliza mtu leo mafanikio ya kampeni ile yalikuwa nini, hatakutajia idadi ya waliohudhuria vikundi. Atakutajia vyoo. Vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Somo lilitoka kwenye mkutano likaingia ardhini, na aliyetaka kujua kama limeeleweka alikwenda kuangalia nyuma ya nyumba. Huko Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vilivyokuwa vikiwafundisha haraka watu wasiowahi kushika chuma vilitumia utaratibu wa hatua nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe, mwache afanye mwenyewe huku akieleza anachofanya, kisha umrudie baadaye uone anaendeleaje. Karatasi yangu ya mahudhurio, hata ikijazwa kwa uaminifu wote, ilikuwa inaishia kati ya hatua ya kwanza na ya pili.

Siku hizi ninaongeza safu mbili. Moja ni ya tarehe ya kumrudia mtu mahali pake pa kazi, nimwone akizima mashine na kusubiri. Nyingine ni ya sababu ya kutokuwepo, ambayo naijaza mimi baada ya kuzungumza na mhusika, si msimamizi wake. Mafunzo ya usalama tumeyahamishia mwanzo wa zamu, ndani ya muda unaolipwa, baada ya mabishano marefu na watu wa uzalishaji, ambao nao wana hesabu zao na siwezi kusema hazina maana. Zamu ya usiku inafundishwa usiku.

Sijatulia. Safu ya sababu inaweza siku moja kugeuka jicho la kuwachungulia watu maisha yao, na tayari niliwahi kuombwa nakala yake na mtu aliyetaka kujua nani wa kupunguza msimu ukiisha. Nilikataa, lakini kukataa kwangu hakujaandikwa kwenye kanuni yoyote, na atakayekuja baada yangu anaweza kukubali. Safu ya kumrudia mtu nayo nimeshaiona ikijazwa mezani na mkufunzi ambaye hakunyanyuka kitini. Vibarua wamepata mstari, ila wakala hubadilisha watu kila baada ya siku chache, na majina ya Jumatatu siyo ya Alhamisi.

Msimu wa kununua pamba hufunguliwa karibu na Mei, na mashine huwashwa muda mfupi baadaye. Kama wewe ndiye unayeshika karatasi hii, iwe kiwandani, hospitalini au bandarini, nakuomba uwaandike vibarua kwanza, kabla ya wenye vitambulisho, na umfuate kila aliyekosekana ukamuulize mwenyewe.