Tanuri la Makambako

Wengi wetu tunapotaja utamaduni wa taifa, fikra hukimbilia ngoma, mavazi na hadithi. Ni mara chache kumsikia mtu akitaja udongo na moto. Lakini mimi, niliyekuwa mwalimu kwa miaka mingi, somo langu kubwa la utamaduni nilifundishwa mbele ya tanuri la mikate lililobomoka, na aliyenifundisha hakujua kusoma.

Nilizaliwa Njombe, katika nyanda za baridi ambako ngano hustawi. Utotoni niliwahi kuona mikate ikitolewa katika tanuri la matofali kwenye misheni moja, na harufu yake haikunitoka. Mwaka 1984 nilikuwa nikifundisha shule ya msingi huko Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea huungana na barabara kuu ya kwenda Zambia, na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni. Abiria hawakukosekana, bali mkate ulikuwa adimu, kama zilivyokuwa bidhaa nyingi katika miaka iliyofuata Vita vya Kagera. Nikaona kwamba shule yetu, kwa kufuata siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ingeweza kujenga tanuri, ikauza mikate na kununua madaftari.

Wanafunzi wa darasa la sita walifyatua matofali, wakayachoma kwa kuni za miwati, wakayabeba vichwani. Tuliuza mahindi ya shamba la shule, tukanunua saruji. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja Mkisi, aliyeolewa huko kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako wanawake ni wafinyanzi mashuhuri. Alitutazama kitambo, kisha akasema:

"Mwalimu, saruji haivumilii moto. Tumieni udongo."

Nikamjibu mbele ya watoto: "Bibi, hapa tunajenga tanuri, hatufinyangi chungu."

Watoto wakacheka. Bibi akaondoka kimya.

Siku ya tatu tu tukakoka moto mkubwa. Kabla ya adhuhuri kuba lilianza kualika, nyufa zikatambaa kila upande, na jioni matofali ya juu yakaanguka ndani. Mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, na mahindi yetu?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule sikupata usingizi. Ningeweza kusema kwamba matofali yalikuwa mabovu, na wanafunzi wangeniamini, maana mwalimu huaminiwa. Lakini wao ndio walioyafyatua. Ningekuwa nimewatwisha kosa langu. Asubuhi niliwaeleza ukweli, nikawaongoza hadi kwa bibi, na mbele yao nikamwomba radhi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Haya, leteni majembe."

Alituonyesha udongo wa bondeni. Udongo mtupu, alisema, hujikunja unapokauka na kupasuka. Ukichanganywa na mchanga na vigae vilivyotwangwa hutulia. Chini ya sakafu tulitandaza majivu ili joto lisizame ardhini. Tulirundika mchanga mbichi kwa umbo la kuba, tukapanga matofali juu yake, na udongo ulipokauka tukauchota mchanga kupitia mlangoni. Nami nilitoa nilichosoma vitabuni: kimo cha mlango kiwe kama sehemu sita katika kumi za kimo cha kuba, ili hewa baridi iingie chini na moshi utoke juu. Kwa nje tulikandika udongo uliochanganywa na unga wa mbao, ili joto lisitoroke. Kisha tukangoja wiki tatu, na baada yake tukawasha moto mdogo kila siku kwa wiki nzima, maji yaliyobaki yatoke polepole.

Siku ya kuoka, tulikokoa makaa, tukapangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, tukarusha unga kidogo. Uliungua papo hapo, tukasubiri. Uliporushwa tena ukabadilika rangi taratibu, tukaingiza mikate.

Mkate wa kwanza tulimpelekea bibi. Aliugeuza, akaugonga chini kwa kidole na kutega sikio, kama apimavyo chungu.

"Umeiva," akasema.

Tanuri lile halipo tena, na tangu mwaka 2012 Njombe ni mkoa unaojitegemea. Lakini wanafunzi wale nikikutana nao hawanikumbushi hesabu nilizowafundisha. Hunikumbusha asubuhi ile nyumbani kwa bibi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Saruji haikuwa na hatia, wala vitabu havikuwa na hatia. Hatia ilikuwa yangu, kwa kudhani kwamba mkono uliozoea chungu hauna la kuliambia tanuri. Taifa linalojenga bila kuwauliza wafinyanzi wake huuza mahindi yake bure.